Jina Lililoachwa Tolliver

Bonde la Tolliver, Kentucky
6 Februari 1961

Mdogo wangu Verlie,

Ukiona mwandiko huu usishtuke ukadhani kuna msiba, maana najua hujapata barua yangu tangu mwaka wa hamsini na nne. Mimi ni mzima. Mume wangu Burl naye mzima, ila masikio yake yamekwisha kabisa kwa baruti za mgodini. Juzi nilimpigia kelele kwamba mbwa ameingia jikoni anakula nyama, akatabasamu akaendelea kusoma gazeti. Theluji ni nyingi mwaka huu. Ng'ombe amezaa, na yale maharagwe ya kuanika na maganda yake bado ninayo magunia mawili, kwa hiyo hatutakufa njaa mpaka majira ya kuchipua.

Sasa niseme kilichonishikisha kalamu. Jumapili iliyopita Ndugu Estill, mzee wetu wa kanisa, alihubiri saa mbili na nusu juu ya kusameheana. Akalia, tukalia, hata Burl ambaye hakusikia neno alilia. Niliporudi nyumbani nilipiga magoti kando ya jiko nikamwambia Mungu kwamba nimekusamehe. Basi nakuandikia ili ujue. Nimekusamehe lile la mkutano wa kuwakumbuka marehemu, ulipoinuka katikati ya ibada, ukabamiza mlango, ukapita kwenye meza za chakula, ukabeba keki yako ya matufaha ya tabaka tisa na kuondoka nayo. Watu mia na ishirini walikosa kitu kitamu siku ile, na wako wanaoisimulia keki hiyo mpaka leo. Mimi nimefuta.

Ushirika wetu utakuwa Jumapili ya pili ya Agosti kama kila mwaka. Njoo. Unajua utaratibu wetu, mwenye neno na ndugu yake hashiki taulo. Mimi sijashika taulo tangu uondoke. Kila Agosti wenzangu wakiinama kuoshana miguu, mimi niko uani nasugua masufuria. Nataka nikuoshe miguu kabla mmoja wetu hajapelekwa makaburini kilimani. Taulo jipya nimeshalishona.

Burl anakusalimu. Nimemwandikia kwenye kipande cha karatasi kwamba nakuandikia, akasema ni vizuri.

Dada yako,
Ocie


Dayton, Ohio
27 Februari 1961

Dada Ocie,

Barua yako ilikaa juu ya friji siku kumi kabla sijaifungua. Nilidhani umekufa na Burl ameiga mwandiko wako ili kunipunguzia makali. Nashukuru kuona u hai na bado unahesabu tabaka za keki za watu.

Sisi huku hatujambo. Bado nakaa kwa mwanangu Arlis, ila nimehamia chumba cha chini. Arlis anaendesha lori, ana watoto watatu sasa. Wa mwisho anaitwa Juanita na ana kichwa cha baba yetu, maskini mtoto. Tunamfunika kofia.

Sasa hili la wewe kunisamehe. Nililisoma mara nne. Nikamsomea Arlis, akacheka mpaka kahawa ikammwagikia shati. Wewe ndiye umenisamehe mimi? Ngoja nikukumbushe siku ile, kwa sababu naona wewe umebaki na keki tu.

Clell wangu alikuwa na miezi minane kaburini. Ndugu Estill akasimama na karatasi ya majina ya marehemu wa ukoo wetu. Akamtaja baba. Akamtaja mama. Akamtaja shangazi Mahala. Akamtaja hata mjomba Hiram, ambaye alibatizwa mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza alikuwa amelewa. Kisha akakunja karatasi akaitia mfukoni. Mimi nangoja tu, nimeshika kitambaa tayari kulia, jina la mume wangu halikuja. Clell hakubatizwa, sawa, nalijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini miaka ishirini na miwili, kila Agosti tulipokuja kutoka Ohio, yeye ndiye aliyepanda mpaka kwenye chemchemi na kuwaletea ndoo za maji ya mabeseni yenu, kisha akatoka kukaa nje na wanaume wengine wasiobatizwa.

Ndugu Estill nilishamsamehe zamani. Mzee wa watu macho yake mabovu, aliruka mstari. Wewe je? Ulikuwa benchi la mbele. Ungeinuka ukasema, "Ndugu, na Clell." Maneno matatu. Ulifumba mdomo ukaangalia dirishani. Hiyo ndiyo iliyonibebesha keki.

Agosti siwezi kuja. Kiwandani hawatoi likizo.

Ile keki niliila kwenye basi pamoja na dereva. Ilikuwa imeiva vizuri.

Verlie


Bonde la Tolliver
14 Machi 1961

Mdogo wangu,

Nimefurahi umejibu, hata kama umejibu kwa makucha. Ningekuwa nimepata barua ya upole ningejua si wewe. Huku mto ulifurika Jumanne ukachukua banda la kuku la jirani, likapita mbele ya nyumba yetu na jogoo juu yake amesimama wima kama abiria aliyelipa nauli. Burl alimvulia kofia.

Hayo ya benchi la mbele nimeyasoma.

Kuhusu likizo, nilimuuliza mtoto wa binamu Orbie ambaye yupo kiwanda hichohicho cha friji. Anasema wiki mbili za Agosti kiwanda chote hufungwa, hata mlinzi huenda kwao. Kwa hiyo likizo ipo, Verlie, na wewe unanipiga chenga. Kama ni nauli, Burl atatoa. Kama ni kuona haya mbele ya watu kwa ajili ya mlango, mlango ule wameshaubadilisha.

Mwaka huu natimiza sitini na saba. Wasichana niliobatizwa nao siku moja, tukavunjiwa barafu mtoni, wamebaki wawili. Wao kila mwaka wanaoshana, wanakumbatiana, wanatoka pale nyuso zimevimba kwa kulia na wanacheka kama watoto. Nami nawasikia kutoka uani, mikono ndani ya sufuria. Inaniuma sana. Sikuambii ili unihurumie, nakuambia kwa sababu ndivyo ilivyo.

Njoo, Verlie.

Ocie


Dayton
9 Aprili 1961

Dada Ocie,

Juanita ameota meno mawili na amemng'ata mchungaji wa kanisa la mke wa Arlis. Wengine wote wazima.

Agosti siwezi. Si nauli. Basi linachukua saa tisa na magoti yangu hayapendi kukunjwa muda wote huo. Halafu nina paka, na hapa nyumbani hakuna anayempenda. Usianze kumuuliza mtoto wa Orbie habari za paka.

Ila nimewaza juu ya hayo masufuria yako, na sikupenda nilivyojisikia. Miaka saba ni mingi hata kwa mtu kama wewe. Kwa hiyo nimeamua hivi. Nitamwandikia Ndugu Estill mwenyewe, nimuulize bila hasira kwa nini aliruka jina la Clell. Akinijibu kwamba ni macho, basi nitalifunga. Nitakuandikia kwamba yamekwisha, nawe utashika taulo lako na kumwosha mtu mwingine yeyote umtakaye. Nadhani kanisa litakubali hivyo. Mimi si lazima niwepo.

Barua yake nitaiandika Jumapili hii au ijayo.

Verlie


Bonde la Tolliver
13 Aprili 1961

Verlie,

Usimwandikie Ndugu Estill. Namtuma Burl kwa lori mpaka mjini ili barua hii isikose posta ya leo. Miti imeanza kutoa maua, na hiyo ndiyo habari yote ya nyumbani ninayoweza kuandika kwa sasa.

Ndugu Estill hakuruka mstari. Macho yake mwaka ule yalikuwa mazima kuliko yangu. Karatasi niliiandika mimi.

Niliiandika mezani asubuhi ile, wewe ukiwa uani unapanga keki yako kwenye sahani. Niliandika majina yote, nikafika kwa Clell, kalamu ikasimama. Nikajiambia kwamba hakubatizwa, kwamba si haki kumtaja pamoja na waliolala katika Bwana. Nilijieleza vizuri sana, ungenisikia ungedhani nahubiri. Lakini sababu haikuwa hiyo. Mwaka uleule Ndugu Estill alitaja wasiobatizwa watano wa koo nyingine na hakuna aliyekufa kwa kusikia. Sababu ni kwamba Clell alikuchukua. Mama alipougua, wewe ulikuwa Ohio. Alipofariki, ulikuwa Ohio. Mimi niliwageuza kitandani, yeye na baba, miaka sita, na kila nilipochoka nilimlaumu yule mwanamume na banjo lake aliyekupandisha basi. Alipokufa sikuwa na mtu tena wa kumkasirikia. Nikaliacha jina lake kwa makusudi. Nilitaka usikie pengo hilo, nawe ulilisikia.

Na kuna baya zaidi. Mlangoni, kabla ya ibada, Ndugu Estill aliisoma ile karatasi akaniuliza, "Dada Ocie, mbona Clell simwoni?" Nikamwambia, "Soma kilichoandikwa." Akasoma kilichoandikwa. Miaka saba watu wamekuwa wakisema mzee haoni, na yeye hakufungua mdomo hata siku moja.

Jana nilikwenda kwake. Alikuwa bustanini anapanda viazi. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama kwenye udongo. Akapanda viazi vitatu ndipo akasema, "Nilijua utakuja. Nilidhani utachukua mwaka mmoja tu."

Ndiyo maana barua yangu ya kwanza ilianza na kukusamehe wewe. Ilikuwa rahisi kuanzia huko. Naomba unisamehe, Verlie. Sina haki ya kudai.

Ocie


Bonde la Tolliver
29 Mei 1961

Mdogo wangu,

Wiki ya saba sasa. Mtu wa posta ameanza kunionea huruma, akikosa barua yangu ananiachia tangazo la mbegu. Nina matangazo sita.

Sikuandiki kukuharakisha. Nakuandikia kukuambia kwamba kilimani tumeshasafisha makaburi. La Clell nimelifyeka mwenyewe na kupanda maua yale ya zambarau aliyokuwa akikuchumia. Hilo halilipi kitu, najua.

Burl anataka kuongeza neno lake hapa chini.

Shemeji Verlie, hapa ni Burl. Huyu mwanamke hali vizuri. Jana katia chumvi kwenye kahawa yangu, nikainywa bila kusema. Mtukane ukitaka lakini mwandikie. Clell alikuwa rafiki yangu na mimi ndiye niliyemsaidia kubeba lile sanduku la banjo mpaka basi, dada yako hajui. Usimwambie. Burl.

Nimeyasoma aliyoandika. Kumbe hata wewe Burl.

Ocie


Dayton
25 Juni 1961

Dada,

Huku wazima. Juanita anatembea.

Nilikuandikia barua tatu, zote nikazitia motoni. Ya kwanza ilikuwa na maneno ambayo Clell alimwekea nyumbu peke yake. Nilikuchukia, Ocie. Majuma mawili mazima nilikuchukia tangu kuamka mpaka kulala, na nikisahau kidogo nilijikumbusha. Miaka saba nilimhurumia Estill kwa macho yake. Miaka saba nilikuona wewe mzembe tu uliyekosa maneno matatu. Kumbe uliketi pale unajua.

Clell hakukataa maji ya ubatizo. Alikuwa akisema hajastahili bado, anangoja kidogo atengenee. Mimi nikimwambia hakuna anayestahili, anasema, "Mwaka ujao." Nilitaka jina lake lisikike mara moja tu ndani ya nyumba ile aliyoogopa kuingia. Hilo ndilo ulilomnyima, na ukaninyima mimi.

Sasa sikia na upande wangu, maana nimekuwa nikikudai ukweli huku mimi mwenyewe nakudanganya tangu Februari. Sina kazi kiwandani. Paka sina. Mguu wa kushoto sina. Ni ugonjwa wa sukari. Mwaka juzi mwezi wa Novemba kiatu kilinichubua kidole, kidonda kikakataa kupona, wakakata kidole, kisha wakakata chini ya goti. Ndiyo maana nimehamia chumba cha chini. Ninao wa mti, una kiungo cha chuma kwenye kifundo, na natembea nao vizuri kuliko Burl anavyosikia.

Jirani mmoja alinipeleka kwenye hema la mwombeaji. Yule bwana akanishika kichwa, akapaza sauti, akaniamuru nitupe magongo. Nikatupa moja, nikamwangukia. Tulianguka wote wawili juu ya mpiga kinanda. Nilirudi nyumbani na mguu uleule mmoja, ila nilikuwa sijacheka hivyo tangu Clell afe, kwa hiyo siwezi kusema sikupona chochote.

Wewe sikukuambia kwa sababu mbili. Niliogopa utasema Mungu amenipiga kwa kubamiza mlango wake. Na nilijua unataka miguu yangu. Kila barua ni miguu, miguu. Ningewezaje kuvua kiatu mbele ya benchi zima la akina dada, wote wakinyoosha shingo?

Unaniuliza kama nimekusamehe. Kila asubuhi nasema, Bwana, nimemsamehe Ocie. Ikifika saa nane mchana nimeshajirudishia hasira yangu. Kesho yake nasema tena. Wiki hii mara mbili nilifika mpaka saa kumi. Hapo ndipo nilipo, na sitaki kukuandikia zaidi ya nilichonacho.

Nitakuja Agosti nikiwa na jambo moja. Nataka jina la Clell litajwe ndani ya kanisa, mbele ya watu walewale.

Verlie


Bonde la Tolliver
1 Julai 1961

Mdogo wangu Verlie,

Matango yamezaa mpaka tunawapa nguruwe. Burl kifua kinambana kidogo.

Nilipofika kwenye mguu wako nilikwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma nikalia kwa sauti, na mbwa akaja akalia pamoja nami. Sikusema Mungu amekupiga. Nilichosema ni kwamba ulikatwa mguu huku dada yako hayupo kukushika mkono, na kwamba nilijitengenezea hilo mwenyewe. Mungu hakuhusika.

Kuhusu kuoshwa, mmoja unatosha. Na magoti yangu haya, miwili ingenishinda.

Kuhusu jina, nilikwenda kwa Ndugu Estill na karatasi mpya, mwandiko mzuri, nimeandika Clell juu kabisa. Akanirudishia. Akasema, "Mimi siisomi hii. Ulimtoa wewe, utamrudisha wewe, kwa mdomo wako, siku ya Ushirika, kabla hatujaumega mkate." Nikamwambia kwetu akina dada hatusimami kutoa matangazo. Akasema hilo si tangazo. Verlie, ninaogopa. Watu wale wananijua kama Dada Ocie asiyechelewa, asiyesengenya, anayeoka mkate wa Meza ya Bwana. Tangu nimetoka kwake nimeharibu mikate miwili ya mahindi kwa kuwaza. Lakini nitasimama. Nisiposimama, ondoka tena, na keki yote uchukue.

Burl atakungoja kituo cha basi mjini. Ameweka kiti cha jikoni nyuma ya lori, anadhani utapanda huko. Nimemwandikia utakaa mbele.

Ocie


Dayton
21 Agosti 1961

Dada Ocie,

Nimefika salama na wote nimewakuta wazima, ila Juanita hakunitambua akanipigia kelele. Mwambie Burl kwamba maharagwe aliyonipakilia yamefika yote, pamoja na kile kijiko chako kizuri ambacho sijui kiliingiaje humo. Nitakirudisha.

Nataka nikuandikie yale ambayo hukuyaona, kwa sababu muda mwingi ulikuwa umeinamisha kichwa.

Uliposimama, benchi letu lote lilitetemeka kwa jinsi ulivyokuwa umelishika. Wewe ulitazama sakafu. Mimi niliwatazama watu. Ulisema, "Clell Sizemore. Mwaka wa hamsini na nne niliacha jina lake kwa makusudi. Ndugu Estill hakukosea." Ukakaa. Yule dada mnene wa upande wa dirishani alikunja uso, nadhani kwa miaka saba amemsema Estill kuliko wote. Estill mwenyewe alikuwa amefumba macho anatabasamu, mzee yule, huku machozi yanaingia ndevuni. Kisha akaanza kutoa mstari wa wimbo, na watu wakampokea, na huko nje chini ya miti niliwasikia wale wanaume wasiobatizwa nao wameitikia. Hawaitikii kamwe. Wewe ulikuwa unalia, hukusikia. Clell alikuwa mwenzao.

Ile sauti ikisema jina lake ilikuwa ni yako. Nilikuwa nimedhani nitaridhika nikilisikia kwa mtu yeyote. Nashukuru Estill alikurudishia karatasi.

Sasa kuhusu beseni. Nilipovua kiatu cha kulia nilikuwa nimejiandaa. Ulifunga taulo kiunoni, ukapiga magoti kwa shida, ukaniosha taratibu mpaka katikati ya vidole, ukanikausha. Mimi nalia, wewe unalia, mambo yote kama yanavyotakiwa. Nikaanza kuvaa soksi nikijua tumemaliza. Ndipo ukashika kiatu cha kushoto.

Nikakunong'oneza, "Ocie, huo ni mti."

Ukasema, "Najua ni mti, nina macho."

Nikasema, "Hautakiwi kuloa. Utaharibika."

Ukasema, "Nyamaza, Verlie, niko kazini."

Ukavua kiatu, ukavua soksi, ukauweka ndani ya beseni ule mguu ambao hauna hata vidole, ukauosha kisigino, ukauosha wayo, ukauinua ukaukausha kwa taulo polepole kama mguu unaoweza kuumia. Akina dada wote walinyoosha shingo, kama nilivyokuambia. Nilikuwa nimeogopa macho hayo mwaka mzima. Nilipoyaona, nilianza kucheka, na wewe ukacheka, na ikawa tunacheka Mezani pa Bwana, wanawake wazima. Hapo ndipo nilipokusamehe, dada. Nilingoja niuone moyo ukijirudishia hasira saa nane, saa kumi, siku nzima ya Jumatatu na safari yote. Haujajirudishia.

Sasa nina shida ndogo. Yale maji yaliingia kwenye kiungo cha chuma. Kuanzia kituo cha basi mguu unalia kila ninapokanyaga, unalia kama mlango wa ghala. Abiria wote walinitazama. Hapa nyumbani watoto wanajua niko chumba gani. Jumamosi Arlis alinipeleka kwa fundi aliyeutengeneza. Akaufungua, akakuta kutu, akanikasirikia. Akasema ameniambia mara ngapi usiguswe na maji, akauliza nimefanya nini nao. Nikamwambia dada yangu aliuosha. Akanitazama, akachukua kopo la mafuta.

Nikamwambia auache kama ulivyo.

Mdogo wako,
Verlie